Fungu la Bi Kidawa

“Wewe si ndiye uliyemwambia hutaki kuuona uso wake? Haya, umesikilizwa. Hutauona tena.”

“Zaituni, niache.”

“Nikuache uende wapi? Ukuta mmoja, Mwanne. Ukuta mmoja wa tofali za tope. Mimi chumba changu kule mwisho, karibu na choo, na bado ukikohoa nakusikia. Wewe kichwa chako hapa, yeye kichwa chake hapo, siku nne nzima, usisikie hata mtu anajikokota?”

“Na wewe mwenye masikio hayo, mbona hukuja kugonga mlango?”

“Mimi sikugombana naye.”

“Si ndiyo maana ungegonga wewe.”

Zaituni akatia karanga nyingine mdomoni. Mwanamke yule aliweza kugombana huku anamsuka mtu na anatafuna karanga, na kimoja kisiharibu kingine.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na jua la Tabora lilikuwa limeshaingia uani. Nyumba ilikuwa ya kupanga, vyumba kumi vinavyotazamana, pale Majengo. Jumamosi walivunja mlango wa chumba namba nne wakamkuta Bi Kidawa sakafuni, amekufa. Alasiri ile ile wakamzika. Jana wameanua tanga. Siku tatu za msiba kila mtu alikuwa ameuma ulimi kwa ajili ya wageni. Leo mikeka imekunjwa, na ndimi zimekunjuka.

Nyamizi alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha la chumba hicho namba nne, mfuniko wa mtambo pembeni, anakaza nati ambayo haikuwa imelegea. Yeye ndiye injinia wa Umande, mtambo uliokuwa ukiinywesha nyumba hii maji kwa majaribio, mwaka wa pili sasa. Alikuja asubuhi akasema ni ukaguzi wa kawaida. Hakuna aliyeuliza zaidi. Watu wakigombana uani, fundi wanamwona kama wanavyomwona kuku: yupo, anadonoadonoa, hawatamsimamishia maneno.

“Wote mlijua amenuna,” Mwanne alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mikono imebabuka kwa tindikali, maana kazi yake ilikuwa kufufua betri za mikokoteni ile inayojiendesha. “Siku ya pili, Zaituni, ulisimama hapo hapo na kanga yako hiyo hiyo ukasema, mwacheni bibi, kisirani kikimwisha atatoka.”

“Nilisema siku ya pili. Siku ya nne nilisema?”

“Siku ya nne hakuna aliyesema kitu. Hata wewe.”

“Lakini aliyemtusi ni mmoja.”

Hapo akaingilia Mzee Maganga. Zamani alikuwa mkagua tiketi wa treni, na wapangaji walimfanya mkuu wa nyumba kwa sababu tu alikuwa na sauti ya kutuliza behewa zima. Akakohoa kwanza.

“Mwanne mwanangu. Hapa hakuna anayekufukuza.”

“Asante, mzee.”

“Ila tumezungumza. Watu hawalali. Mtu akipita mlango wako anageuza uso. Sasa tungeomba, mpaka Ijumaa, uwe umepata pa kwenda.”

Mwanne akamtazama, kisha akawatazama wengine mlango kwa mlango. Kila aliyetazamwa alikuwa na shughuli ya ghafla. Huyu anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa, yule anamfuta mtoto pua kavu.

“Miaka kumi na moja,” alisema, si kwa kumwambia mtu. Akaingia ndani.

Nyamizi akageuza mkono. Kwenye bangili yake ya kazi, ambayo yeye peke yake aliweza kuisoma, kumbukumbu ya chumba namba nne ilikuwa imejipanga mstari kwa mstari. Jumanne iliyopita, saa tano na dakika kumi asubuhi: maji kufunguliwa, nusu lita. Baada ya hapo, hakuna. Kisha Alhamisi, saa tano na dakika kumi, mstari mmoja wa maneno: *Mkazi amesafiri. Fungu ligawiwe.*

Maneno hayo aliyaandika yeye, miaka mitatu nyuma, ofisini, anakunywa chai.

*

Alitoka akasimama barabarani, nyuma ya ukuta, akampigia Bwana Elinami, mkurugenzi wake.

“Umeona?” Elinami aliuliza.

“Nimeona.”

“Mtambo ulikosea?”

“Haukukosea. Ulifanya nilichouambia.”

Kwa ufundi, Umande ulikuwa kitu cha kujivunia, na Nyamizi alikuwa amejivunia. Bwawa lilipokauka na mvua zikagoma mwaka wa saba mfululizo, yeye na wenzake walifuma kitambaa cheusi kama baibui, nyuzi zake nyembamba kuliko za buibui, wakakitandika juu ya mabati. Usiku kitambaa kinakunywa hewa. Asubuhi jua likikigusa kinatoa jasho, na jasho linashuka kwenye mirija mpaka tangi dogo la kila chumba. Lita arobaini kwa chumba, kila siku ya Mungu. Kwa kuwa hewa nayo ina kipimo chake, mtambo ukafundishwa kutopoteza tone: unasoma mwenendo wa kila chumba, na chumba kisichofungua maji kwa saa arobaini na nane unajua mwenyewe kasafiri. Fungu lake linagawiwa kwa majirani mpaka arudi. Wazo hilo lilimpatia Nyamizi tuzo. Yupo pichani, amevaa kitenge kipya, ameishika.

“Daktari alisemaje?” Elinami aliuliza.

“Alianguka Jumanne. Nyonga ilivunjika. Anakadiria roho ilitoka Ijumaa.”

Hata Elinami, mtu wa majibu, alihitaji kupiga hesabu hiyo taratibu. Alhamisi saa tano mwanamke yule alikuwa hai, sakafuni, anatazama mrija ambao hawezi kuufikia, na mtambo ulikuwa unachukua maji yake unawapa majirani.

“Utaweka kengele,” alisema hatimaye. “Chumba kikinyamaza siku moja, kengele inalia ofisini kwetu. Siku mbili za kazi, umemaliza.”

“Kengele nitaweka. Ila huku ndani kuna mtu wanamfukuza, mkuu. Wanasema yeye ndiye aliyemuua. Nikisema nilichonacho mkononi...”

“Ukisema, Jumatatu hakuna mkataba wa kuuwekea mji Umande. Mji mzima, Nyamizi. Watu laki mbili wanakunywa maji ya lori yanayonuka, wakiyapata. Unataka niwaambie wasubiri mpaka tumalize kujuta?” Akashusha sauti. “Mimi mdogo wangu alikufa kwa kipindupindu. Nilimbeba mwenyewe. Usinione sijui kifo. Huyo mama atahama, atapata chumba kingine. Hao laki mbili hawana maji mengine.”

Lile halikuwa neno la mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.

“Na kumbukumbu ya mtambo ni mali ya kampuni,” Elinami akamalizia. “Funga mfuniko, urudi ofisini.”

Alipokata simu Nyamizi alibaki amesimama, na kilichomjia hakikuwa laki mbili wala mkataba. Ilikuwa ni foleni ya bomba la mtaa, mwaka ule wa utafiti, kabla hawajaling'oa. Alikuja na kibao chake cha maswali. Bi Kidawa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kikongwe mwembamba, mdomo haupumziki, anamweleza kila apitaye nani kaachika na nani kaanza kuvaa miwani asiyoihitaji.

“Swali la kumi na nne, bibi. Unapoteza saa ngapi kwa siku hapa bombani?”

“Sipotezi.”

“Yaani unakaa muda gani?”

“Nakaa.”

“Saa ngapi, bibi?”

“Binti, wewe kwenu maji mnachotaje?”

“Mimi nimekulia nyumba za reli. Bomba lilikuwa ndani.”

“Aa,” Bi Kidawa alisema, kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyeambiwa mwenzake hana wazazi. “Na mkinuna je?”

Nyamizi alicheka. Kibao hakikuwa na mahali pa kuandika jibu la namna hiyo, kilitaka tarakimu. Akaandika tatu. Saa tatu kwa siku, mara kaya arobaini elfu: kwa hesabu hiyo ndivyo walivyowaonyesha wakubwa muda ambao Umande utauokoa.

*

Mlango wa Mwanne ulikuwa wazi nusu. Alikuwa anafunga vifaa vyake vya betri ndani ya shuka.

“Hodi, dada.”

“Ingia, injinia. Kwangu mtambo uko salama, kama ndicho ulichofuata.”

“Pole na msiba.”

“Wewe ni wa kwanza kunipa pole,” Mwanne alisema, akaendelea kufunga. “Wenzio wananipa siku za kuhama.”

Nyamizi akakaa kwenye ukingo wa stuli. Alitaka kusema, akauliza badala yake. “Mligombana kwa nini?”

“Umbea wake. Kulikuwa na mwanamume ananijia, mtu mzima, anataka kunioa. Bi Kidawa akatangaza uani kwamba mwanamume yule ana sahani yake nyumba nyingine, kule Kitete. Na kweli anayo, nimekuja kujua. Lakini siku ile mimi sikutaka kujua. Nikamwambia, bibi, sitaki kuuona uso wako mpaka nife. Akaingia ndani akafunga mlango. Jumatatu hiyo, jioni.”

“Na hukumwendea.”

“Kwa nini nimwendee?” Mwanne alimgeukia, na kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda kidogo. “Mtu aliyenuna humwendei mlangoni, injinia. Ukimwendea umemdharau, umemfanya mtoto. Unamwacha. Zamani tulikuwa tunagombana mimi na yule bibi kila baada ya mwezi, na kununa kwetu hakukuwahi kuzidi ndoo mbili. Ndoo zikiisha, unatoka. Utafanyaje, utakunywa kisirani? Unatoka na ndoo yako unamkuta pale pale bombani. Humsemeshi. Hakusemeshi. Lakini zamu yako ikifika anakushikia mpira usirukie pembeni. Basi. Yamekwisha. Hakuna aliyeomba radhi wala aliyesamehe, mnarudi mnasengenya wengine.”

Akakaa kitandani.

“Siku zote nne nilikuwa namsubiri bombani. Kichwani, unanielewa? Nasema kesho ndoo zitamwishia, tutakutana. Nimeishi na lile bomba miaka tisa, mwili umezoea. Ijumaa jioni ndiyo nikakumbuka kwamba mliling'oa. Kwamba yule anaweza kukaa mle ndani mwaka mzima asiwe na haja na mtu. Nikasema nitagonga asubuhi.”

Nyamizi akaitazama bangili yake. Kulikuwa na njia mbili za kuituma kumbukumbu ile ofisi ya maji ya mji: kwa kibali cha mkurugenzi, au kwa ufunguo wa injinia aliyeusanifu mtambo, uliowekwa kwa ajili ya dharura. Alijijua. Angetoka nje akaanza kusema, angetazamwa, angeona haya, angepunguza. Kwa hiyo akatuma kwanza. Ilichukua muda wa kumeza mate.

“Dada Mwanne, njoo uani. Nina neno, na nataka ulisikie pamoja na wote.”

*

Alizungumza vibaya. Aliyezoea kuwaeleza wakubwa kwa picha na michoro alijikuta amesimama katikati ya ua, mikono haijui ikae wapi, mbele ya watu kumi na kitu waliotoka milangoni mwao kwa sababu Mzee Maganga aliwaita.

Alisema mtambo ulijua. Alisema saa na dakika. Alisema yeye ndiye aliyeuambia mtambo kwamba mtu asiyefungua maji siku mbili amesafiri.

“Amesafiri kwenda wapi?” Zaituni aliuliza. Hakuwa anakejeli, alikuwa hajaelewa kweli. “Bi Kidawa hajaaga mtu. Ufunguo hajaacha kwa mtu. Anasafirije?”

“Mtambo hauulizi ufunguo.”

“Na wewe uliyeutengeneza?”

“Mimi pia sikuuliza.”

“Mtoto mdogo wa nyumba hii angekwambia.”

“Najua. Kwa hiyo Mwanne msimfukuze. Kama kuna aliyemwacha bibi, ni mimi.”

Akadhani amemaliza. Mzee Maganga, hata hivyo, alikuwa ametumikia treni miaka thelathini na alikuwa na tabia ya kukagua tiketi pande zote mbili.

“Umesema fungu ligawiwe,” alisema. “Fungu gani?”

Hapo Nyamizi angeweza kusema ni lugha ya kitaalamu tu. Alimtazama Mwanne. Mwanne alikuwa amekwisha kuelewa, ilionekana usoni.

“Maji yake, mzee. Tangu Alhamisi. Kila chumba kilipata lita nne na kidogo zaidi.”

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, na angelipokea. Badala yake mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alirudi ndani taratibu, akafunga mlango.

“Alhamisi nilifua shuka,” Zaituni alisema. Karanga zilikuwa bado kiganjani mwake. “Nikasema leo maji yana baraka. Mzee, si nilikwambia? Ulikuwa umekaa hapo hapo.”

“Uliniambia.”

“Ukasema na wewe umeoga mara mbili.”

“Zaituni, nimesikia.”

Mzee Maganga aliinuka, akakikunja kiti chake. Alikuwa mtu mrefu, na siku ile alichukua muda kunyooka.

“Binti,” alimwambia Nyamizi, bila hasira, “jambo hili lilikuwa limeshapata mwenyewe. Zito, lakini lina mwenyewe. Sasa umelileta kwa kila mtu. Kila nikifungua maji kunawa uso nitakuwa na yule mama. Ulitaka tulifanye nini hilo?”

“Nilitaka msimfukuze asiye na kosa.”

“Hatumfukuzi,” alisema. “Hapo umeshinda.”

Akaingia kwake. Kisha Zaituni, ambaye kabla ya kufunga alisema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyemjua nayo, “Ungenyamaza tu, dada.” Mlango baada ya mlango, komeo baada ya komeo. Hata mtu mmoja hakumwambia Mwanne pole, wala baki, wala tulikosea. Nyumba ilikuwa na maji kila chumba na haikuwa na sababu ya kutoka nje.

Nyamizi akarudi pale dirishani kukusanya vifaa vyake. Bangili ilitetemeka mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ofisi ya maji ya mji: kumbukumbu imepokelewa, utiaji saini wa Jumatatu umesimamishwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Ya pili ilikuwa ya Elinami, na haikuwa na salamu wala matusi. *Umewanyima maji.* Alipojaribu kuufunga mtambo kwa amri yake ya kawaida, ukamwandikia kwamba haumtambui. Akakaa pale chini na mfuniko mkononi. Mtambo alioufuma yeye uzi kwa uzi, sasa hana ruhusa hata ya kuufunika.

Huko mjini malori yangeendelea. Mtoto fulani angekunywa yale yanayonuka. Hilo nalo lilikuwa lake, na lisingekuja na jina wala chumba.

Aliubana mfuniko kwa mkono, akachukua begi. Mlango wa kutokea nje ulikuwa upande wa pili wa ua, na ilibidi apite mbele ya chumba cha Mwanne. Lile furushi la shuka lilikuwa mlangoni, limefungwa barabara. Mwanne alikuwa amechuchumaa nje kwenye jiko lake, anasonga ugali wa muhogo. Kando ya moto kulikuwa na sufuria la mlenda wa karanga, limefunikwa.

“Wamesema hawakufukuzi,” Nyamizi alisema.

“Nimesikia.”

“Na furushi?”

“Ijumaa nahama vile vile.” Mwanne hakuinua macho, mwiko ulikuwa unahitaji nguvu. “Asubuhi nilikuwa nahama kwa sababu hawataki kuniona. Sasa nimewaona mimi. Ukishamwona mtu hivyo huwezi kumwomba kibiriti.”

“Nisamehe, dada.”

“Sijui. Niulize mwaka mwingine.” Aliugeuza ugali kwenye sahani, akaulainisha kwa mwiko uliolowana, akautazama. Ulikuwa mkubwa. “Miaka yote hii nilikuwa nampikia na yule bibi. Alikuwa analalamika chumvi, anamaliza. Leo nimepima unga nafikiria mambo yenu, mkono ukaenda wenyewe ukapima wa watu wawili.”

Nyamizi alibaki amesimama, begi begani, nusu ameelekea nje. Milango ya wengine yote ilikuwa imefungwa, na nyuma ya mmojawapo maji yalifunguliwa, yakafungwa haraka.

Mwanne akachukua kata, akachota maji ndooni, akainyoosha juu ya beseni, akisubiri mikono.

“Weka begi chini,” alisema. “Nawa, uingie ule.”